Falsafa ya Kamba: Mhadhara wa Bingwa Asiyewahi Kupigwa

Mheshimiwa mwenyekiti; waheshimiwa mlioalikwa mkatuma udhuru; wazee wangu wa Bondeni; akina mama wa Kivumbini; vijana wa Kaptembwo mliopanda matatu kuja kunisikiliza; na wewe uliyekaa dirishani kwa sababu ulikwepa kiingilio mlangoni: hamjambo.

Nimeombwa nizungumze kwa ufupi. Ombi hilo nimelipokea kwa heshima zote na kulikataa kwa heshima zizo hizo, kwa kuwa somo la leo haliwezi kufupishwa ila na mtu asiyelijua, na anayelijua katika Bonde la Ufa lote ni mimi. Somo ni kamba. Si kamba ya kufungia mbuzi. Ni kamba ya ulingo wa ndondi, na namna mtu mwenye akili anavyoiegemea, akakubali kupigwa, mpaka mpigaji achoke mwenyewe.

Baadhi yenu mtauliza mamlaka haya nimeyapata wapi. Swali la haki. Nimekaa kando ya ulingo miaka mingi, karibu kiasi cha kurukiwa na jasho la mabingwa, na usiku mmoja nikarukiwa na kinga ya meno ya bondia wa uzani wa bantamu, ambayo hadi leo naihifadhi kabatini. Cheo cha Profesa nilijipa mwenyewe baada ya kuona vyuo vikuu vinachelewa. Rekodi yangu ni safi: sijapoteza pambano hata moja. Wenye wivu husema ni kwa sababu sijawahi kuvaa glavu. Nawauliza wenye wivu: mtaalamu wa volkeno sharti atumbukie Menengai ndipo aaminike?

Wageni kutoka Nairobi watuvumilie kwa jambo moja la historia. Nakuru hii, ambayo imekuwa jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021, ina ukumbi wa ndondi unaoitwa Madison Square Garden. New York nao wana wao. Katika ule wa New York, tarehe 8 Machi 1971, Joe Frazier alimwangusha Muhammad Ali raundi ya 15, akamshinda kwa pointi. Katika huu wetu Ali hajawahi kushindwa hata mara moja. Amueni wenyewe ukumbi upi una heshima zaidi.

Ndondi za Nakuru ndizo zilizotupa Philip Waruinge. Najua vijana hamumjui. Mnajua wachezaji wa Arsenal na majina ya mbwa wao. Waruinge alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola uzani wa unyoya mjini Kingston mwaka 1966, akaitwaa tena Edinburgh mwaka 1970. Katikati ya dhahabu hizo mbili kulikuwa na Mexico City, Michezo ya Olimpiki ya 1968. Nusu fainali majaji walimpa ushindi mwenyeji, Antonio Roldán, naye Waruinge akarudi na shaba. Lakini akarudi pia na kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia mwenye ufundi kuliko wote katika mashindano mazima, uzani wowote, nchi yoyote. Sikilizeni hilo tena kwa utulivu: mtu wa tatu katika uzani wake, wa kwanza katika dunia. Hesabu za namna hiyo zinafanywa na majaji wa ndondi na tume za uchaguzi peke yao. Munich mwaka 1972 akapata fedha, majaji watatu kwa wawili wakimpendelea Boris Kuznetsov wa Muungano wa Kisovieti, kisha akaenda Japani kupigana ndondi za kulipwa.

Namtaja Waruinge ili mjue kwamba mnaketi juu ya ardhi ya mabingwa, na kwamba ninapowapeleka Kinshasa siwapeleki kwa ukosefu wa mifano ya nyumbani.

Twende Kinshasa basi. Tarehe 30 Oktoba 1974, saa kumi alfajiri kwa saa za huko, ambayo hapa Nakuru ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi na ng'ombe wa Subukia walikuwa wamekwisha kukamuliwa. Pambano la Ali na George Foreman lilikuwa lifanyike Septemba, lakini Foreman alipasuka juu ya jicho mazoezini, ikabidi dunia nzima ingoje kidonda kipone. Rais Mobutu alikuwa ameahidi dola milioni 5 kwa kila bondia. Zilitoka mfuko gani, si somo la leo.

Foreman alikuwa na umri wa miaka 25. Mapambano 40, ushindi 40, na 37 kati ya hao waliopigana naye hawakuisikia kengele ya mwisho. Yule Frazier aliyemwangusha Ali, Foreman alimwangusha mara sita katika raundi mbili, mwaka 1973. Ken Norton, aliyemvunja Ali taya, naye alidumu raundi mbili tu. Ali mwenyewe alikuwa na miaka 32, na miguu iliyokuwa ikicheza ujanani ilikuwa imeanza kudai mapumziko. Kulikuwa na waandishi wa habari waliohofia kwamba wanakwenda kuripoti msiba.

Raundi ya kwanza Ali alimpiga kwa mkono wa kulia bila kutanguliza wa kushoto, jambo ambalo kwa bondia bingwa ni dharau, maana ngumi hiyo inatoka mbali na inaonekana ikija. Foreman akakasirika. Raundi ya pili Ali akarudi nyuma hadi kwenye kamba, akaegemea. Angelo Dundee, mkufunzi wake, akapaza sauti atoke huko, kwani kila mkufunzi duniani humwambia kijana wake siku ya kwanza kabisa: kambani usikae. Hakutoka. Foreman akaanza kazi.

Hapa nahitaji mtu wa mfano. Ewe kijana wa dirishani, shuka uje. Kwa kuwa kamati haikuleta kamba kama nilivyoagiza kwa maandishi, nitaegemea ukuta. Angalieni. Glavu mbili zinafunika uso. Viwiko vinabana mbavu. Hapo ndipo siri ilipo, maana mbavu ndizo zinazoua pumzi. Kidevu kinashuka kifuani. Kiuno kinarudi nyuma na kichwa kinatoka nje kabisa ya ulingo, hata mpigaji mwenye mikono mirefu akikitafuta anakikosa kwa inchi mbili. Sasa rusha ngumi. Polepole. Nimesema polepole. Ngumi ikitua mkononi, mkono unaipeleka kwenye kiwiliwili, kiwiliwili kinaipeleka kwenye kamba, kamba inanepa, na ile nguvu inapotelea huko. Mwenye mwili amepata sehemu ndogo tu. Kamba ndiyo iliyokula iliyobaki. Ukuta, kama mlivyojionea, haunepi. Huo ni upungufu wa kamati, si wa nadharia. Asante kijana, rudi dirishani.

Ngumi inayokosa inachosha kuliko inayopata. Liandikeni hilo. Ngumi ikipata, mwili wa adui unaisimamisha kwa ajili yako. Ikikosa, ni bega lako mwenyewe linaloisimamisha. Foreman alirusha mamia. Joto la Kinshasa lilikuwa juu yake. Kila walipokumbatiana Ali alimvuta shingo chini na kumlalia, akambebesha uzito wake wote, huku akimwuliza sikioni kama hizo ndizo ngumi zote alizokuja nazo. Na mara moja moja, mtu akidhani amelala, alichomoa ngumi mbili tatu za haraka usoni kwa Foreman, kisha akarudi kujifunika.

Kufika raundi ya saba Foreman alikuwa anasukuma mikono, harushi tena. Raundi ya nane, zikibaki sekunde chache kengele ilie, Ali akatoka kambani. Ngumi zilifuatana, ya mwisho ya kulia, moja kwa moja. Foreman akazunguka, akaanguka, na refa Zack Clayton akahesabu hadi kumi. Baadaye mvua kubwa ikaupiga uwanja ule na kuufurikisha. Hata mvua ya Zaire ilikuwa imengoja matokeo.

Wapo wanaodai kwamba Dundee alizilegeza kamba makusudi. Mwenyewe alikana. Mimi nasema hata kama angezilegeza, ni nani aliyemkataza Foreman asizitumie? Foreman alijifunza, lakini kwa kuchelewa. Miaka 20 baadaye, akiwa na miaka 45 na tumbo la mchungaji, na kweli alikuwa mchungaji, alivumilia kupigwa na Michael Moorer raundi tisa, na katika ya kumi akamlaza chali na kurudishiwa taji lake. Huo nauita uthibitisho wa nadharia. Aliyeipata kwa kipigo ndiye aliyeielewa.

Tangu Kinshasa mbinu hii imeshuka ulingoni na kuingia mitaani, na hapa ndipo elimu yangu inapohitajika, kwa sababu watu wanaitaja bila kuijua. Magazeti yanaandika kwamba gavana amesukumwa kambani, kwamba mgombea fulani amerusha taulo, kwamba waziri ameokolewa na kengele. Wanachanganya. Aliyesukumwa kambani ni mtu mmoja. Aliyekwenda kambani kwa miguu yake mwenyewe ni mtu mwingine kabisa, na huyo wa pili ukimhurumia umekwisha.

Chukueni ofisi ya umma. Siitaji ipi, mnazijua zote. Umetoka Kuresoi gizani, umepanda matatu ya kwanza, faili umelibana kwapani lisilowe na mvua. Unaingia. Koti liko kitini. Miwani iko mezani. Chai ya rangi bado inafuka. Mkubwa "ametoka kidogo". Unaanza raundi yako: unalalamika kwa karani, unaeleza habari ya shamba la marehemu baba, unataja namba ya hati, unataja mara ngapi umekuja. Karani anaitikia kwa upole. Anakuonyesha benchi. Saa sita unasimama kulalamika tena, na safari hii sauti imepungua kidogo. Saa nane njaa imeingia. Saa kumi unahesabu nauli, unaona inatosha kurudi tu, unaondoka. Koti halijapigwa hata ngumi moja. Nimewahi kuliona koti la namna hiyo likihudumu katika ofisi moja mpaka likapata vumbi mabegani, na mwenyewe akapandishwa cheo.

Au nendeni Langa Langa Jumapili alasiri, kwenye kikao cha chama. Kuna bwana mmoja, jina lake namhifadhia, aliyekopa pesa za chama kwa karo ya mtoto akanunua nazo pikipiki ambayo haikufika kwa mtoto wala kwa karo. Nilikuwepo siku hiyo kama mwangalizi wa kisayansi, na pia kwa sababu ya pilau. Mweka hazina alifungua daftari, akasoma. Mama wa kwanza akasimama, akamwambia alichomwambia. Bwana yule aliinamisha kichwa, viwiko vimebana mbavu, nami nikanyoosha mgongo kitini maana nilikuwa nimeutambua mkao. "Ndiyo, mama. Ni kweli, mama. Naelewa uchungu wako, mama." Wa pili akasimama, wa tatu, wa nne. Wa tano alisema mpaka sauti ikamkauka, na aliyenyanyuka kumletea maji ya kunywa alikuwa mdaiwa mwenyewe, akampa glasi kwa mikono miwili, kwa adabu kubwa. Saa moja na nusu ikapita. Mama mmoja akapiga miayo. Mtoto akalia mgongoni. Mwenyekiti akatazama saa. Hapo ndipo bwana yule alipotoka kambani: aliomba kikao kifungwe kwa sala, akasali yeye, sala ndefu iliyomtaja kila mwanachama na watoto wake, na baada ya amina akaomba mkopo mwingine.

Alipewa nusu.

Ndoa nitaipita haraka, kwa kuwa mke wangu yuko safu ya mbele.

Nije kwa bingwa wa mabingwa. Kama ningekuwa na uwezo ningewapandisha nyote kwenye basi tukatoe heshima, kwani si mbali: amelala Kabarak, alikozikwa tarehe 12 Februari 2020. Sijui kama Rais Daniel arap Moi aliwahi kuvaa glavu. Lakini mwangalieni kati ya 1990 na 1992. Tarehe 7 Julai 1990, Saba Saba, mji mkuu ulichemka. Mwaka uliofuata wapinzani wakaunda FORD, wafadhili wakafunga mifereji ya misaada, mapadri wakahubiri, mawakili wakaandika, wanafunzi wakarusha mawe. Kila mtu alimpiga. Desemba 1991 akaegemea: kifungu cha 2A cha katiba kikaondolewa na vyama vingi vikaruhusiwa. Nchi ikashangilia, ikasema mzee amekwisha, amesukumwa kambani. Hawakuwa wamekuja kwenye mihadhara yangu.

Maana wapigaji walipoona adui haondoki kambani, walianza kugombea nani atampiga ngumi ya mwisho. FORD ikapasuka: upande mmoja Jaramogi Oginga Odinga, upande mwingine Kenneth Matiba. Mwai Kibaki akaja na chama chake cha DP. Tarehe 29 Desemba 1992 kura zikapigwa, na Moi akashinda kwa asilimia 36 hivi. Karibu Wakenya wawili katika kila watatu waliopiga kura walimkataa, naye akabaki Ikulu miaka kumi zaidi. Mnasikia raundi ya nane hapo? Wanasayansi wa siasa wana majina marefu ya jambo hili. Hawajawahi kukaa kando ya ulingo.

Naona mama wa safu ya tatu, mwenye kikapu cha sukuma, amenyoosha mkono tangu tulipokuwa Kinshasa. Haya mama, uliza, lakini kwa ufupi.

Anauliza: "Mwalimu, hiyo kamba ni nani?"

Profesa, mama. Si mwalimu. Na kamba si nani, kamba ni nini. Ni uzi mnene uliofungwa nguzo nne, ukavishwa kitambaa usimkwaruze bondia mgongo. Hilo nililieleza kwa vitendo hapa hapa ukutani.

Anasema hajaridhika. Anasema yeye ni mtu wa Molo. Anasema mwaka 1992, wakati mzee wa Kabarak anaegemea na wakubwa wa Nairobi wanapiga, kwao nyumba ziliteketezwa, na yeye alikuwa msichana mdogo aliyelala kwenye uwanja wa kanisa na ndugu zake, chini ya turubai. Anasema nilipoonyesha pale nilisema mwenye mwili anapata sehemu ndogo, na kamba ndiyo inayokula iliyobaki. Anataka kujua kama katika ulingo ule wa 1992 kamba iliyonepa haikuwa wao.

Nashukuru sana kwa mchango huo. Ni mchango mzito na nimeusikia. Mheshimiwa mwenyekiti, naomba unilindie muda wangu.

Ili kumridhisha mama, nitaacha siasa nitoe mfano safi, wa kitaalamu, ambao hauna moshi wala turubai. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wa hospitali za umma Kenya nzima waliweka vifaa chini. Walikuwa na mkataba wa mwaka 2013 uliotiwa saini, nao walitaka utekelezwe. Serikali ilifanyaje? Ikaenda kambani. Ikaita mkutano, ikaahirisha mkutano, ikasema inaelewa, ikasema haina pesa, ikaenda mahakamani, ikarudi mezani. Madaktari waliandamana, wakaimba, wakachoka, mishahara ikasimamishwa. Mgomo ulimalizika tarehe 14 Machi 2017, siku ya 100 tangu kuanza. Uegemeaji wa siku 100! Ali mwenyewe hakufika hata nusu saa. Huo ndio ustadi ninaoutaka muuthamini kwa macho makavu ya…

Mama ameuliza wagonjwa walikuwa wapi siku hizo 100.

Walikuwa nyumbani, mama. Wengine walikuwa hospitali za kulipia. Wengine… Mama, mhadhara huu unahusu mabondia wawili. Tukianza kumhesabu kila aliyekuwa karibu na ulingo, hatutalala leo.

Sasa anauliza zile dola milioni 10 za Mobutu. Nilisema mwanzoni kabisa si somo la leo. Hilo ni swali la uhasibu, nalo lina wenyewe.

Naona hata kijana wa dirishani amepata ujasiri. Anataka kujua ikiwa mtu ataegemea na raundi ya nane isifike itakuwaje. Swali zuri, afadhali hili ni la ndondi. Jibu ni tarehe 2 Oktoba 1980, Las Vegas. Ali ana miaka 38. Anapambana na Larry Holmes, ambaye zamani alikuwa kijana wake wa kupiga naye mazoezi. Ali akaenda kambani kama kawaida, akajifunika kama kawaida, akazungumza kama kawaida. Ila hakuwa na ngumi ya kutoka nayo. Holmes alimpiga raundi baada ya raundi, na inasemekana alikuwa akimtazama refa amsaidie kusimamisha. Baada ya raundi ya 10 Dundee akasema basi. Miaka minne baadaye madaktari wakamwambia Ali ana ugonjwa wa Parkinson.

Kijana anauliza kama basi Ali mwenyewe naye alikuwa kamba. Swali hilo halimo kwenye mtaala wangu.

Lakini mwaka huo huo wa 1980 una hadithi nyingine ambayo ni lazima niwape, kwa kuwa inaunganisha Ali na eneo letu hili, na hakuna msomi mwingine aliyewapa. Februari mwaka huo Rais Jimmy Carter wa Marekani alimtuma Ali Afrika, aziombe serikali zisusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow kwa sababu ya jeshi la Kisovieti kuingia Afghanistan. Alitua Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere alikataa kumwona. Alihisi ni dharau kutumiwa mwanamichezo kwa jambo la dola. Watu wengi huona pale ubishi. Mimi naona ufundi wa hali ya juu: ngumi imekosa hata kabla haijarushwa, na bondia mkuu wa dunia amechoka akiwa hotelini. Kutoka Dar Ali akaja Nairobi. Huku mlango ulikuwa wazi. Kenya haikwenda Moscow, na mabondia wetu waliokuwa wamekimbia barabarani kila alfajiri kwa miaka minne wakaisikiliza michezo ile kwenye redio.

Mama ameandika kitu kwenye daftari lake. Sijamwuliza ni nini. Yule aliye kando yake ameomba kalamu, naye anaandika.

Naombeni utulivu. Huu ni mhadhara, si baraza. Mama kutoka Njoro anasema yeye aliuza maziwa miezi kadhaa bila kulipwa, na kila akienda aliambiwa "naelewa, mama". Mzee wa Bahati anasema habari ya koti ni kweli, na kwamba shamba alilokuwa akilifuatilia liliuzwa mara mbili akiwa benchini. Yote haya yamesikika. Naelewa. Nawaelewa nyote. Uchungu wenu nauelewa, na mtaona kwamba nimeinamisha kichwa ninapousikiliza. Semeni tu. Nani mwingine? Wewe wa nyuma? Sema, mama. Ni kweli, mama.

Kuna maji? Mpeni mama maji, sauti imemkauka.

Sasa, kwa kuwa naona mmeanza kutazama simu zenu na wengine mnatafuta matatu ya mwisho ya Salgaa, niseme la kiutawala. Yule mzee aliyesimama mlangoni na funguo ni mtunzaji wa ukumbi. Amesimama pale muda mrefu, na kila akinionyesha saa nimemjibu ndiyo, mzee. Analosema ni kwamba ukumbi haujalipiwa. Ni kweli haujalipiwa. Kwa hiyo naomba kila mtu kabla ya kutoka aweke shilingi 200 hapa mezani. Risiti zitatolewa kwenye mhadhara ujao, tarehe mtajulishwa. Kijana wa dirishani, wewe lipa na kiingilio. Na mama wa Molo, wewe ni 300, kwa kuwa maswali yako ndiyo yaliyotuchelewesha.